Matanga ya Bwelasuti

Tiki-tiki-tiki. Gurudumu la baiskeli lilikuwa linapita ukumbini polepole, alfajiri, kabla ya adhana ya kwanza. Mume wangu Polikarpo alikuwa anaisukuma kwa mkono, amevua viatu ili wapangaji wenzetu wasiamke. Baiskeli ile haikujua kunyamaza. Kila ikisogea, ililia.

Nilikuwa macho. Miguuni pa kitanda palikuwa na sanduku la bati na furushi la vyombo, vyote vimeshafungwa. Kaka yangu Romani alikuwa amelala chumba cha mbele kwa mwenye nyumba, akingoja kukuche anichukue mimi na mwanangu Bernadeta, turudi kwetu Songea. Polikarpo alilijua hilo. Alisimama kidogo mlangoni, nami nikangoja aseme neno moja tu. Hakulisema. Tiki-tiki-tiki ikaenda mpaka uwanjani, ikaingia barabarani, ikapotea.

Alikuwa anakwenda kazini, na kazi hakuwa nayo.

Tulikuwa tunakaa Temeke, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na nchi ilikuwa imechoka. Tulikula ugali wa unga wa msaada tuliouita yanga kwa umanjano wake, na sabuni ilikuwa kitu cha kupangia foleni toka asubuhi. Polikarpo alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Vipuri vikaacha kuja, mashine zikasimama moja baada ya nyingine, na mwisho wakasimamishwa watu. Siku aliyoachishwa alinikalisha kitandani akaniambia kwa sauti ya chini, "Yuliana, kazi imekwisha. Usimwambie mtu yeyote."

Nilimwelewa. Siku zile mtu asiye na kazi mjini alikuwa anaweza kukamatwa njiani na mgambo, akapakiwa kwenye lori, akapelekwa shamba asilolijua. Tena mwenye nyumba wetu, Mzee Salumu, ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi. Ilikuwa wajibu wake kujua nani anafanya nini, na kupeleka habari. Kwa hiyo Polikarpo aliendelea kuondoka kila alfajiri ndani ya bwelasuti lake la buluu, ovaroli ya kiwandani, na kurudi jioni. Wapangaji wenzetu wakimwona wanamwambia, "Pole na kazi, Baba Bernadeta." Naye anajibu, "Nimeshapoa."

Kiwanda kilikuwa kimempa mabwelasuti mawili. Moja akivaa, la pili nafua. Nilikuwa nalifua kila wiki na kulianika kwenye kamba ya uani, mahali ambapo kila mtu ataliona. Lilikuwa halina grisi wala mafuta, ila jasho la mtu aliyekaa juani kutwa. Nililisugua hivyo hivyo kama lililotoka kwenye mashine. Sabuni ikiniishia, jirani yangu wa chumba cha pili, Zubeida, alikuwa ananimegea kipande chake. "Chukua, Mama Bernadeta," alikuwa anasema, "nguo za kiwandani zina kazi." Nami nachukua, naona haya, nafua.

Njaa tungeivumilia. Kilichonishinda ni kimya. Nilimwambia mume wangu nipike vitumbua niuze pale kituoni, kwani mikono ninayo. Akanitazama kama nimemvua nguo. "Mke wa fundi aanze vitumbua ghafla? Unataka wajue?" Toka siku hiyo akawa haongei. Anakula matonge mawili, anageukia ukutani. Hakunipiga, hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumjibu. Nilikuwa nalala na mgongo wa mtu. Nikamtumia kaka yangu salamu kwa mtu aliyekuwa anasafiri, kwamba aje anichukue.

Romani alipofika, jioni ile ile, alimuuliza shemeji yake kwa wema tu, "Kazi inaendaje, shemeji?" Polikarpo akajibu bila kupepesa, "Inaendelea." Kwa kaka yangu mwenyewe, juu ya mkeka wangu! Hapo ndipo nilipokwenda kufunga sanduku.

Sasa kulipokucha nikamwandalia kaka yangu chai ya rangi uani. Akaja Bi Mwanaheri, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Bi Mwanaheri alikuwa Mngindo. Sie Wangoni na Wangindo ni watani. Wazee wetu walipigana na kutekana, mpaka wakachoka, wakaona afadhali kuchekana. Mtani akikutania hukasiriki, hata aseme nini. Ukifiwa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia matangani kwako akafanya vituko mpaka wafiwa wacheke.

"Haa!" akasema alipomwona Romani. "Mtumwa wangu mwingine ameletwa na basi. Nani kakupa ruhusa ya kukaa kwenye kigoda, we Mngoni?"

"Aliyenunuliwa ni wewe, bibi," Romani akajibu, naye amechangamka papo hapo. "Babu yangu alimpata babu yako kwa kibuyu cha asali. Tena asali yenyewe babu yako alishailamba nusu njiani."

Bi Mwanaheri akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu macho yake yakaingia chumbani kwangu, mlango ulikuwa wazi. Akaona sanduku. Kicheko kikakatika.

"Mama Bernadeta, linakwenda wapi hilo?"

"Nakwenda nyumbani mara moja, Bi Mwanaheri. Kuwasalimia wazee."

"Na masufuria yote hayo? Wazee wa Songea hawana masufuria?"

Niliinamia kikombe. Yeye akanitazama kwa muda, mara hii bila utani wowote usoni, akageuka, akatoka. Nikadhani ameona haya kwa niaba yangu.

Hakukawia. Nilisikia kwanza kilio, uwiii, kikija kutoka njiani. Bi Mwanaheri akaingia uani, mkono kichwani, kanga kajitanda mpaka usoni, na nyuma yake wanawake wengine wanne, Wangindo wenzake, nao wamejitanda. Akakwenda moja kwa moja kwenye kamba ya nguo.

"Uwiii! Jamani, amekufa! Kijana mdogo! Juzi tu nimemwona ana vifungo vyote!"

Akalianua bwelasuti la Polikarpo, akalibeba mikononi kama mtu, mikono ya nguo ikining'inia. Mwenzake akatandika mkeka mbele ya nyumba, pale barazani wanapopita watu wote. Wakalilaza. Wakalinyoosha miguu. Bi Mwanaheri akaninyang'anya kanga niliyojifunga juu, akalifunika nayo toka mabegani mpaka chini. Kisha wote wakakaa kulizunguka, miguu wameinyoosha, wakaanza kuomboleza.

"Alikuwa mchapakazi!"

"Hakuchelewa zamu!"

"Nani atatuamsha alfajiri sasa?"

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Nikamshika Bi Mwanaheri mkono. "Bi Mwanaheri, nakuomba, nakuomba sana. Watu watajua."

Akanishika na yeye, akanikalisha kando yake. "Watajua nini, mwanangu?" akaninong'oneza. "Kaa. Hakuna mtu anayeondoka kwenye nyumba yenye msiba kabla ya kuzika. Hata kwenu Songea ni hivyo."

Romani alikuwa amesimama na kikombe mkononi. "Dada, ni nini hiki? Shemeji hana kazi?" Nikatikisa kichwa kwamba hana. Akakiweka kikombe chini polepole.

Na hapo mlango wa mbele ukafunguka, akatoka Mzee Salumu. Mjumbe mwenyewe, kofia kichwani. Aliutazama mkeka, akawatazama wale wanawake, akalitazama bwelasuti. Niliona lori. Niliona mume wangu nyuma ya lori.

Mzee Salumu akavua makubazi, akayaweka pembeni. Akaja akakaa kwenye ncha ya mkeka, akakunja miguu.

"Poleni, wafiwa," akasema.

Nimezaa, nimezika, nimeona mengi, lakini jambo lile sijaliona tena. Baada yake alitoka Zubeida, akawasha moto wa chai bila kuambiwa. Wakatoka wapangaji wa vyumba vya nyuma. Kila anayetoka anakuta, anavua viatu, anakaa. Hakuna aliyeuliza amekufa nani.

Wakati huo ndipo Polikarpo alipotokea kwenye kona.

Alikuwa hajawahi kurudi mchana. Baadaye aliniambia kwamba alifika Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, pale alipozoea kukaa kutwa akitazama ndege zinavyoshuka, akashindwa kukaa. Akageuza baiskeli ili anikute kabla sijapanda basi. Alikuwa amejipanga njia nzima maneno ya kuniambia. Sasa akaona nyumba yake ina watu barazani, wanawake wamejitanda, kilio, na mkekani kitu kimelazwa, kimefunikwa kanga ya mkewe.

Baiskeli aliiachia ikaanguka. Gurudumu la nyuma likabaki hewani linazunguka, tiki-tiki-tiki. Alipita katikati ya watu kama kipofu, akajitupa magotini, akaikumbatia ile kanga.

"Yuliana! Nilikuwa narudi, mama. Nilikuwa narudi nikuambie usiende. Yuliana, nilikuwa njiani!"

Nilikuwa nimeshainuka kumfuata Bernadeta ndani, nimemshika mkono mlangoni. Nikamwona mume wangu anaivuta kanga kifuani, na ndani ya kanga hamna mtu. Akaivuta zaidi, ikamkunjikia mikononi. Akabaki amekumbatia bwelasuti lake mwenyewe.

"Baba Bernadeta," nikasema. "Mie hapa."

Akageuza kichwa. Sina maneno ya uso ule. Nilidhani huyu mtu ameacha kunipenda, na siku nyingi nililala na mgongo wake nikiwa na hakika hiyo. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, miguuni mpaka kichwani, kana kwamba ndiyo kwanza tumeumbwa mbele yake.

Bi Mwanaheri alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. "Astaghfirullah," akasema. Akatambaa kwa magoti na unene wake wote mpaka kwa Polikarpo. "Mtani wangu, hapo nimevuka mpaka. Sikujua utarudi mchana. Nilitaka ukute chai tayari na watu wanacheka. Nisamehe."

Polikarpo akajifuta uso kwa mkono wa bwelasuti. "Amekufa nani?" akauliza.

Bi Mwanaheri akamtazama vizuri, kuona kama anamruhusu kutania. Akaona anaruhusiwa.

"Kazi yako, we Mngoni," akasema kwa upole. "Tulikuwa tunakungoja mfiwa."

Mume wangu akatazama chini. "Kumbe mnajua."

"Tunajua? Nani hapa hakujua?" Bi Mwanaheri akageukia watu. "Asiyejua anyooshe mkono."

Haukunyooshwa mkono hata mmoja. Wazee hawakunyoosha, vijana hawakunyoosha. Mtu mmoja akakohoa.

Bi Mwanaheri akainuka. Akaishika baiskeli iliyoanguka, akavua kandambili zake, akaanza kuisukuma kwa ncha za vidole, kichwa ameingiza mabegani, macho yanaibia huku na huku, na lile umbo lake. Alikuwa Polikarpo mtupu. Tiki-tiki-tiki. "Kila alfajiri! Mnanyata, wewe na baiskeli yako. Na nyumba nzima iko macho! Tunaambiana shhh, tulale, tusimwaibishe mtani. Hata mie nyumba ya tatu nakusikia!"

Aliyeanza kucheka ni Romani. Kisha wale Wangindo, kisha uwanja mzima, na Polikarpo naye akacheka, machozi yakiwa bado yanatiririka.

Nikamgeukia Zubeida. "Na wewe ulijua?"

Zubeida alikuwa anapuliza moto. Alikuwa mwanamke wa aibu, hapendi kutazamwa. "Tunaanika kamba moja, Mama Bernadeta," akasema. "Maji yako ya kufulia yalikuwa meupe."

Ilinichukua muda kuelewa. Maji ya bwelasuti la kiwandani huwa meusi kama wino. Yangu yalikuwa meupe toka mwanzo, naye alikuwa anayaona nikiyamwaga. Na kila nilipoishiwa alinimegea sabuni, mwaka ule wa foleni, anajua ninakwenda kufulia nguo safi, ili uongo wetu uendelee kuanikwa. Nikayakumbuka na mengine. Mkaa uliokuwa unaachwa mlangoni kwangu kwa sababu ati mtu kanunua mwingi. Mgambo wakipita wakati mume wangu anatoka, Mzee Salumu, akiwa barazani, anampigia kelele, "Polikarpo, utachelewa zamu!" Pole na kazi, pole na kazi, kila jioni, midomo yote ile. Walikuwa wanaipa pole kazi iliyokwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Nikakaa chini palepale mlangoni.

"Mtani anataka haki yake," Bi Mwanaheri akasema, amekalia mkeka ili maiti isiondoke, ndivyo watani wanavyofanya. "Siuachii mwili bure. Na pesa ya Mngoni siitaki, ina harufu ya kudoea. Sema mwenyewe, kwa mdomo wako, marehemu ni nani. Tukazike."

Polikarpo alimtazama Romani, siyo mimi.

"Shemeji," akasema, "jana nilikudanganya. Kazi sina."

"Pole," Romani akasema.

"Pole," akasema Mzee Salumu. Na Zubeida, na wengine wote, mmoja mmoja, pole, pole, Baba Bernadeta, pole. Neno lile lile la kila jioni, ila mara hii alilipokea. Nilimwona analipokea, mabega yakishuka.

Bi Mwanaheri akasema twende kaburini. Romani akachukua jembe. Lakini Zubeida akaacha chai yake, akasimama. "Nyie mna wazimu? Mnazika nguo nzima, mwaka huu? Kuna watoto wanatembea uchi!"

"Nani amesema nguo nzima?" Bi Mwanaheri akamjibu. "Sie Wangindo si wajinga, wajinga wamekaa pale na jembe." Akalishika bwelasuti, akang'oa kifungo kimoja kwa meno. "Marehemu ni huyu. Na sala sisemi, Mungu hafanyiwi utani."

Tukakizika kifungo nyuma ya jiko. Polikarpo ndiye aliyechimba, akafukia kwa mguu. Bernadeta alitaka kujua kama kitaota. Nguo yenyewe niliikata baadaye, nikapata aproni mbili za kupikia vitumbua na kaptura ya mtoto wa Zubeida.

Watu walipokuwa wanakunywa chai, Mzee Salumu akavaa makubazi yake akamwita mume wangu pembeni, lakini mimi nilikuwa karibu. "Kesho usitoke," akamwambia. "Barazani kwangu pana kivuli. Weka boksi lako la spana pale, tengeneza baiskeli za watu. Nikiulizwa nitasema ni fundi wa hapa, na sitakuwa nimedanganya. Toka niwe mjumbe nimedanganya kwa ajili yako tu, Polikarpo, na sasa nimezeeka, sitaki tena." Polikarpo akataka kumpigia magoti. Mzee akamshika kiwiko. "Acha hayo. Kunywa chai."

Romani hakuniuliza kama bado nakwenda. Nilimwona tu anaingia chumbani kwangu, nikasikia furushi linafunguliwa. Akatoka na sufuria moja moja, akazirudisha kwenye kichanja jikoni. Kubwa chini, ndogo juu, kama anavyopanga mama yetu.

Jua lilipoanza kupungua, wale Wangindo wakaaga. Bi Mwanaheri alikuwa wa mwisho. Polikarpo, ambaye kwa muda mrefu alikuwa haongozani na mtu yeyote, asije akaulizwa habari, akachukua shati lake akasema atamsindikiza. Nami nikafuata nyuma nimembeba Bernadeta. Tulikwenda taratibu, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma Bi Mwanaheri kwa kutambaa kule. Njiani watu walikuwa wanatusalimu, na mume wangu aliwajibu akiwa ameinua uso.

Tulipofika mlangoni kwake akasimama, anahema.

"Haya, mtumwa wangu, umenifikisha. Rudi kwa mkeo."

Polikarpo hakurudi. Alikuwa anapapasa mfuko wa shati, ingawa ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mtani," akasema, "uje tena."

"Nije tena kumzika nani, we Mngoni?"

"Usimzike mtu. Njoo tu ukae na sie. Njoo kesho."